Masika na Kifaransa cha La Rochelle

Masika alikuwa na tatizo la ulimi. Si kigugumizi wala si umbea, ingawa wapo majirani waliodhani ni hilo la pili. Tatizo lenyewe ni kwamba akizungumza na mtu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, anaanza kuzungumza kama yeye. Hakukusudia, na mara nyingi hakujua. Akiingia spaza ya Seif, duka dogo la Mtanga huyo pale kwenye kona, anaomba unga kwa madaha yote ya Tanga, na Seif anamsindikiza hadi mlangoni kama dada wa tumbo moja. Akitoka hapo akakutana na Pitchou, mlinzi wa usiku kutoka Lubumbashi, kabla hawajamaliza kujuliana hali ameshakuwa wa Lubumbashi. Octave, mume wake, alimchumbia kwa simu, na kwa miezi kadhaa aliilaumu kampuni ya simu akidhani laini ina mwangwi.

Kanisani ndiko mambo yalikoharibika. Mchungaji mmoja mgeni, mtu wa Kinshasa mwenye sauti ya kukwaruza, alihitaji mtu wa kumtafsiria mahubiri, na Masika akajitolea kwa moyo safi. Mahubiri hayajafika nusu, sauti yake ikawa inakwaruza vilevile, na mchungaji alipokohoa, naye akakohoa. Waumini waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika, na mchungaji akadhani wameguswa na neno. Jumapili iliyofuata Masika alihamishiwa kamati ya maua, ambako hakuna haja ya kuzungumza.

Basi mtu wa namna hiyo angeweza kufanya kazi gani? Masika alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, akasomea ualimu wa Kifaransa, akamfuata Octave Johannesburg, ambako Octave alikuwa na karakana ya ushonaji Doornfontein. Walipanga vyumba viwili huko La Rochelle, kitongoji cha kusini mwa jiji, ukitoka Rosettenville unavuka tu barabara. Alifundisha Kifaransa watoto wa watu wenye magari makubwa, na kila mtoto akishakosea mara tatu, mwalimu naye anakosea vilevile. Mwaka 2015 alichoka kufukuzwa. Akajiandikisha shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha jijini, na mada aliyopeleka ilikuwa hiyohiyo iliyomsumbua maisha yake yote: jinsi watu wanavyotamka. Angechunguza Kifaransa cha Wakongo wa Johannesburg, sauti moja baada ya nyingine. Msimamizi wake alimsikiliza, akamwambia ana sikio zuri sana. Masika hakumweleza kwamba si sikio, ni maradhi. Alishukuru tu, kwa matamshi ya msimamizi.

Utafiti aliufanyia saluni kwa Denise, rafiki yake kutoka Kolwezi, kwa sababu mtu aliyeketishwa chini ya mashine ya kukaushia nywele hana pa kukimbilia. Masika alikuwa anamwekea mteja kinasa sauti mapajani na kumwomba asome sentensi moja ya Kifaransa inayohusu sukari ya duka la mwisho wa barabara. Sentensi hiyo aliichagua kwa hila. Kifaransa kina sauti moja ngumu, ambayo midomo inajikunja kama ya mtu anayetaka kuzima mshumaa, huku ulimi ndani unasema i. Wafaransa wanazima mishumaa hiyo kutwa nzima bila kuchoka. Wakongo wengi wa saluni kwa Denise hawakuwa na muda huo. Sukari, ambayo kwa Kifaransa ni sucre, kwao ilikuwa sikri, na barabara, rue, ikawa ri, tena kwa r inayonguruma kama pikipiki.

Wote walisoma, wakacheka, wakalipia nywele zao, wakaenda. Pitchou peke yake ndiye aliyefanya ugumu. Aliposikilizishwa sauti yake alikataa katakata kwamba ni yeye. "Huyo ni mutu wa kijijini," alimwambia Masika. "Miye nasema Kifaransa ya Paris. Rudia." Kesho yake alirudi kurekodiwa upya amevaa suti ya kijivu na tai, viatu vinang'aa, na Masika hakupata ujasiri wa kumkumbusha kwamba kinasa sauti hakina macho. Akasoma, kifua mbele. Ilikuwa sikri, safari hii kubwa zaidi.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Mtu anayechunguza matamshi hasikilizi neno mara moja. Analisikiliza mpaka linapoteza maana, na Masika alikuwa anamsikiliza Pitchou asubuhi, mchana na jioni. Baada ya wiki chache alianza kuaga kama Pitchou, kuguna kama Pitchou, hata kumwomba Octave chumvi kwa sauti nzito ya lindo. Octave alivumilia, kisha siku moja akaweka kijiko chini. Alisema kwamba yeye alioa mwanamke, na sasa anaona anakula meza moja na mlinzi. Binti yao Chloé, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg na aliyejibu kila kitu kwa Kiingereza hata akisalimiwa kwa Kiswahili, alijizoesha kuuliza kila asubuhi leo mama ni nani, ili ajue aombe ruhusa kwa namna gani.

Mwaka 2016 ulifika mkutano mkubwa wa wataalamu wa matamshi huko Ufaransa. Masika hakuwa na uwezo wa kusafiri, lakini walikubali apeleke muhtasari na sauti nne, zikasikilizwe ukumbini. Aliandika muhtasari wa kurasa mbili. Katibu wa mkutano akamjibu kwamba nafasi iliyopo ni nusu ukurasa. Masika akakata, akakata, na alichokiona hakina ulazima ni aya ya kwanza, ile iliyosimulia Kongo, uhamiaji na Johannesburg, maana kwake yalikuwa mambo ambayo kila mtu anayajua. Kilichobaki kilisema kwamba katika Kifaransa cha La Rochelle, miongoni mwa wasusi, walinzi na mafundi cherehani, wengi wao wenye asili ya mashariki na kusini, sauti ile ya mshumaa imekufa na mahali pake pamekaa i.

Sasa, Ufaransa nako kuna La Rochelle. Ni mji wa zamani, wa bandari, magharibi mwa nchi, na ndio uliozaa jina hilo. Masika aliujua kama sisi tunavyojua majina ya sayari: upo, lakini haumhusu.

Ukumbini siku ile alikuwepo Profesa Agnès, mwanamke wa makamo, mwembamba, bingwa wa lafudhi za vijijini. Yeye aliishi mashariki mwa Ufaransa, milimani, mbali na maji yote. Zile sauti nne zilipochezwa aliacha kuandika. Miaka thelathini alikuwa anawaambia wenzake kwamba ndani ya Ufaransa bado kuna lafudhi ambazo hazijaguswa, kwa sababu wataalamu wanawahoji walimu na makasisi, hakuna anayewahoji wasusi. Na leo mwanafunzi kutoka Johannesburg, mbali kote huko, amekuja La Rochelle kuwachunguza Wafaransa, kama vile Wafaransa walivyozoea kwenda kuchunguza wengine, na amekuta hazina. Agnès alilipenda jambo hilo mno hata asiweze kulitilia shaka. Nyuma ya sauti alisikia mvumo mkubwa usiokatika. Akaandika pembeni: upepo wa bahari. Ulikuwa mvumo wa mashine ya kukaushia nywele ya Denise.

Akamtafuta Masika kwa Skype. Hapo pengine mambo yangesahihishwa siku hiyohiyo, kama si ule ulimi. Wakati wanamaliza salamu, Masika alikuwa bado ana chembe za Butembo. Walipofika kwenye habari za hali ya hewa, alikuwa anazungumza Kifaransa cha milimani kwa Agnès, na midomo yake inazima mishumaa kama aliyezaliwa huko. Agnès alimwona mwanamke Mwafrika anayezungumza kama binamu yake mwenyewe, akahitimisha kwamba ameishi Ufaransa siku nyingi. Akamuuliza kama bado yuko utafitini La Rochelle. Masika akajibu kwamba hajatoka, anaishi hapohapo, na saluni iko mtaa wa pili. Agnès akauliza kama upepo una mchango wowote katika matamshi ya watu. Swali hilo Masika aliliona la ajabu, lakini profesa ni profesa. Akiwaza vile vilima vya mchanga vya migodi ya dhahabu, akasema upepo wa La Rochelle ukianza huingia hadi mdomoni, mtu anajikuta anatafuna mchanga.

Agnès akapigia mstari maneno hayo, mara mbili.

Nadharia yake aliificha, maana ofisi ya jirani ilikuwa na mwenzake mmoja mwenye tabia ya kusikiliza ukutani. Lakini ilikua haraka kama unga wenye hamira. Mabaharia wa zamani wa La Rochelle, aliwaza, walikenua meno kwa sababu ya upepo wa chumvi, na aliyekenua meno hawezi kukunja midomo. Sauti ya mshumaa ikafa baharini, sikri ikashuka melini pamoja nao, na wajukuu zao ndio hao wasusi na walinzi. Aliandika sura nzima ya kitabu. Alihojiwa redioni, akakenua meno mbele ya maikrofoni ili wasikilizaji waelewe. Kilichobaki kilikuwa kuwasikia watu wenyewe kwa masikio yake, na Julai 2017 akamwandikia Masika kwamba anakuja La Rochelle, na wakutane Jumamosi asubuhi, sokoni.

Masika karibu azimie kwa furaha na hofu. Profesa kutoka Ufaransa, safari yote hiyo ya ndege, kwa ajili ya saluni kwa Denise. Alifagia hadi ngazi za jirani. Octave alimshonea koti jipya la kijani, kwa sababu Julai Johannesburg baridi haina mzaha. Denise alifunga saluni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kipaimara cha mwanawe, na Pitchou alitoka lindoni moja kwa moja akavaa ile suti ya kijivu. Masika, Denise na Pitchou wakaenda kusimama penye meza za wauza mboga, karibu na robot ya njia panda, hizo taa za kuongozea magari ambazo kila mtu Johannesburg anaziita hivyo, mzungu kwa mweusi. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika, na robot imekufa.

Simu ikaita. Saa za Ufaransa wakati wa kiangazi ni sawa kabisa na za Johannesburg, kwa hiyo hata saa haikumwonya mtu.

"Nimefika," alisema Agnès. "Niko sokoni."

"Na sisi tuko sokoni, Profesa," alisema Masika, ambaye tayari alikuwa mtu wa milimani. "Njoo upande wa robot. Iko njia panda, huwezi kuikosa."

Agnès aligeuka huku na huku. Kwa bahati mbaya, pale bandarini alipokuwa, alisimama kijana mmoja aliyejipaka rangi ya fedha kuanzia nywele hadi viatu, ametulia tuli kama mashine, kofia ya sarafu miguuni, anawaburudisha watalii.

"Nimemwona," alisema. "Yuko mbele yangu."

Tuseme ukweli, kwa Kiswahili mchezo ungeishia hapo, maana sisi mtu ana "yuko" na kitu kina "iko". Kifaransa hakina adabu hiyo. Mtu na robot vinaitwa kwa neno lilelile, il, na hakuna aliyeshtuka.

"Inafanya kazi?" aliuliza Masika kwa mshangao.

"Anafanya, ila polepole sana. Ukimtupia sarafu anainua mkono."

Masika akafunika simu kwa kiganja na kuwaeleza wenzake kwamba profesa anasema robot ukiitupia sarafu inainua mkono. Denise akasema Wazungu wanasoma sana. Pitchou, ambaye aliishi Johannesburg miaka mingi na ameona mengi, alitoa sarafu mfukoni, akasogea, akaitupia nguzo. Ikagonga chuma, ikadondoka, ikaviringika chini ya meza ya nyanya. Wote wakaikodolea macho robot.

"Hapa haijainua," alisema Masika.

"Ngoja kidogo, huwa anachelewa. Wewe umevaaje?"

"Koti la kijani na skafu ya sufu."

"Basi nitakutambua mara moja," alisema Agnès, "maana watu wote hapa wamevaa kaptura."

Masika akatazama watu wa Rosettenville wanaopita wamejifunika mablanketi, akafikiri kwamba pengine profesa haoni vizuri. Akamwomba asogee kushoto, kwa mwanamke anayeuza miguu ya kuku. Agnès akasogea kushoto, akakuta anayeuza chaza. Akamwomba Masika asogee kulia. Masika akasogea kulia, Denise na Pitchou wakamfuata wameshikana mikono wasipotezane, wakatokea mlangoni kwa Seif, aliyewakaribisha chai.

"Mnaitazama bahari au mmeipa mgongo?" aliuliza Agnès, uvumilivu umeanza kumwisha.

Masika akageuka upande mmoja, akaona karakana ya matairi. Akageuka upande wa pili, akaona ukuta wenye tangazo la nabii.

"Profesa," alisema, "nyuma yako kuna nini hasa?"

"Maji. Minara miwili. Mashua nyingi." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nyuma yako wewe?"

"Matairi," alisema Masika. "Mimi niko Johannesburg."

Ndani ya simu Masika alisikia ndege wa baharini wakilia. Denise alitaka kujua nini kimetokea, na Masika akamwashiria asubiri. Kisha Agnès akauliza.

"Na mabaharia?"

"Hakuna mabaharia, Profesa."

"Hata mmoja?"

Masika alimwonea huruma. Alitafuta la kumfariji, akalipata. "Pitchou aliwahi kubeba mizigo bandarini Durban," alisema.

Simu ikakatika.

Masika aliirudisha timu yake saluni. Pitchou alilala kwenye kochi akiwa na suti, na Denise akafungua tena mlango, akiuliza kama huyo mgeni atakuja mchana. Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Masika alimwandikia Agnès kumwomba radhi, mara moja kwa ufupi na mara ya pili kwa urefu, na zote hazikujibiwa. Msimamizi wake aliposikia kisa chote aliomba udhuru, akatoka nje ya ofisi, na kicheko chake kilisikika hadi kwenye lifti. Kisha akarudi, akakaa sawa, akasema kwa uso wa mazishi kwamba tangu sasa kila muhtasari uanze na jina la nchi. Masika aliamua kuacha. Alimwambia Octave kwamba ataingia naye karakana, atajifunza kushona, maana cherehani haina lafudhi. Octave alimkubalia. Siku ya pili alianza kumsikia mke wake akitoa mlio wa cherehani wakati anahesabu vifungo, naye akamrudisha chuoni mwenyewe, akamshika mkono hadi getini.

Jibu la Agnès lilikuja likiwa halina salamu. Lilikuwa na habari tatu. Sura ya mabaharia ameitoa kitabuni. Mwenzake wa ofisi ya jirani sasa anamkenulia meno kila wakikutana kwenye korido. Na amekwisha kata tiketi ya Johannesburg, kwa sababu, alisema, kama nimedanganywa na sauti hizi mwaka mzima, nataka angalau nizione.

Akaja, Septemba 2018. Masika alimpokea uwanja wa ndege, na walipokumbatiana kila mmoja aliogopa kucheka kwanza. Denise alimkalisha kwenye kiti cha saluni na, bila kumuuliza, akaanza kumsuka. Pitchou alisoma ile sentensi ya sukari akiwa amesimama wima kama anaapishwa, na Agnès alimpigia makofi. Akamwambia kwamba hata huko Paris yeye hajawahi kusikia Kifaransa kama hicho. Pitchou alimgeukia Masika kuhakikisha kwamba amesikia.

Lakini kadiri asubuhi ilivyosonga, jicho la Agnès halikuwa kwa Pitchou tena. Lilikuwa kwa Masika. Alimwona anamwomba Denise kitana kwa lafudhi ya Kolwezi, anageuka kumjibu Pitchou kwa ya Lubumbashi, anamgeukia yeye kwa ya milimani, kama mtu anayebadilisha kofia. Nusu ya kichwa chake ikiwa imesukwa na nusu imesimama kama manyoya, Agnès aliinua mkono kumwashiria Denise asite kwanza.

"Masika," alisema, "na wewe mwenyewe unazungumzaje?"

Miaka mitatu Masika alikuwa amepima sauti za nusu ya mtaa, na yake hajawahi kuirekodi. Kila alipozungumza palikuwa na mtu mwingine mbele yake, na huyo ndiye aliyetoka. Denise alisema hata yeye hajui. Siku zote alidhani Masika ni wa Kolwezi. Pitchou akashangaa, maana yeye alidhani ni wa Lubumbashi.

Wakakubaliana kwamba dawa ni kumweka peke yake. Nyuma ya saluni kulikuwa na stoo ya nywele za bandia, chumba kidogo kisicho na dirisha. Wakamwingiza humo na kinasa sauti na ile sentensi yake mwenyewe, wakafunga mlango, na Agnès akawaamuru wote wasikohoe. Masika alikaa juu ya katoni katikati ya mafungu ya nywele yaliyoning'inia. Hapakuwa na wa kumwiga. Alitamani hata simu iite. Alisubiri mpaka masikio yakatulia kabisa, kisha akasoma.

Alipotoka wakasikiliza pamoja. Sauti ya mshumaa ilikuwepo, si haba. Lakini kila penye s palitoka mluzi mwembamba, safi, kama birika linalotaka kuchemka. Agnès akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Mluzi. Aliuliza kama meno ya Masika yana pengo. Hayakuwa na pengo. Denise alimulika kwa tochi ya simu akathibitisha.

Masika alikuwa amekaa chini. Ule mluzi aliujua. Ulikuwa wa Mwalimu Sagesse, aliyewafundisha Kifaransa darasa la tatu Butembo, mzee mpole aliyeng'oka meno mawili ya mbele kwa kuanguka na baiskeli. Kila s yake ilipiga mluzi, na darasa zima, watoto wa kabila la Wanande ambao hawajawahi kumsikia mtu mwingine akisema Kifaransa, walijua kwamba ndivyo lugha hiyo inavyosemwa. Walijifunza kwa bidii. Waliokosea mluzi walirudia.

"Darasa lilikuwa na watoto wangapi?" aliuliza Agnès, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya Skype, alipouliza habari za upepo.

"Tulijaa hadi dirishani," alisema Masika.

Agnès akamtazama kwenye kioo, nusu amesukwa, na Denise akaokota kitana akaendelea.

Shahada Masika aliipata mwaka 2019. Tasnifu yake ilianza na jina la nchi, kisha la mji, kisha la mtaa, na mtahini mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona ramani nyingi kiasi hicho katika kazi ya matamshi. Chuo kikampa kazi ya kufundisha. Wanafunzi wake walimpenda, hasa wale walioketi mbele, ambao kila mmoja aliamini kwamba mwalimu anatoka kwao. Denise alibandika saluni picha ya Agnès aliyesukwa kichwa kizima, na wateja huiomba mitindo hiyohiyo kwa jina la Profesa.

Siku za mapumziko Masika alianza kuwatafuta wenzake wa darasa la tatu. Wametawanyika: mmoja anauza simu Kampala, mmoja ni muuguzi Bunia, wengine hawajulikani waliko. Wa kwanza kupatikana alikuwa padri, Théodore, huko Goma, ambaye zamani alikaa naye dawati moja. Masika alimpigia, wakaulizana habari za nyumbani, na kabla ulimi wake haujaanza mambo yake alimwomba jambo moja dogo: amsomee zaburi yoyote, kwa Kifaransa. Padri hakuuliza sababu. Alisikika akifungua kitabu, akasafisha koo, akaanza. Kila penye s palipigwa mluzi.

Masika alikaa kitandani na simu sikioni, mkono umeziba mdomo. Padri alipofika mwisho wa zaburi aliuliza kama yuko sawa, maana upande wa pili ni kimya. Masika alisema yuko sawa kabisa. Kisha akamwomba asome nyingine, na achague ndefu.